Ndege Niliowaongeza

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa mbili niko juu ya mlima. Umande umelowesha viatu, mkate na mtu mwenyewe. Mpaka saa sita: shakevale arobaini na mmoja, tai wa nyika wawili, kozi mmoja aliyepita kama mwizi. Mchana upepo ulikufa. Saa kumi nikafunga kaye ya hesabu.

Mwaka wa pili huu na kazi hii. Ndege wakubwa wala nyama wanakimbia baridi kwa Wazungu na kwa Warusi, wanapita juu ya kambi yetu ya Nakivale kwenda kusini. Bila visa, bila foleni, bila kidole kutiwa wino. Mimi nawahesabu. Mwaka jana Daktari Ninsiima, yule mama wa chuo cha Mbarara, alitupima macho huku juu, watu kadhaa. Alionyesha ng'ombe kwenye mlima wa ng'ambo, akauliza wako wangapi. Wenzangu walisema kumi, wengine kumi na wawili. Nikasema kumi na mmoja, na yule wa nyuma ana mimba. Kazi nikapewa palepale. Shule niliiachia sekondari, Uvira, kwetu Kongo, mwaka wa nne. Macho hayaombwi diploma.

Na mimi si mtu wa kijiji kimoja. Nimekuwa konvoyeri, msindikizaji wa malori: Bujumbura, Kigoma, Lubumbashi, Kampala. Nimelala Dubai. Ilikuwa kwenye kiti cha uwanja wa ndege, nikimlindia tajiri mizigo yake, lakini ni Dubai.

Jioni ujumbe wa Daktari: Jumatano analeta mtu wa pili. Wa pili wa nini? Sikuomba msaada.

Jumatano, 8 Oktoba

Anaitwa Nestori. Mrundi. Mwembamba, kimya, fundi wa saa na redio pale sokoni Rwekubo. Mjane, anaishi peke yake. Amepanda mlima na suruali iliyopigwa pasi.

Daktari akafungua sanduku akamtolea darubini mpya ya miguu mitatu. Mimi nabaki na jumeli yangu, ile darubini ndogo ya shingoni, yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Nikasema, "Daktari, mke mkubwa ndiye wa kupikia sufuria ya zamani?"

"Wewe mzee macho Mungu alikupa bure," akasema. "Huyu bado nasomesha."

Tukacheka wote. Ndani yangu kaa la moto.

Halafu mjinga mimi nikamfundisha mwenyewe. Wakipanda kwa kuzunguka hewani usihesabu, utamrudia mmoja mara nne. Ngoja watoke juu kabisa, wanyooshe mabawa, waende zao mmojammoja. Hesabu anayevuka mstari kati ya mnara wa simu na jiwe jeupe, basi. Na mwewe mwenye mdomo wa njano ni mwenyeji wetu, haandikwi hata akivuka mara mia. Mgeni mdomo wake mweusi. Nestori aliandika yote kwa mwandiko wa padri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mimi nina kale kamashini ka chuma ka kubonyeza kwa dole gumba. Nestori anahesabu kwa rozari. Kila ndege punje moja, punje kumi zikiisha anapiga kistari kwenye karatasi. Hakosei. Nimemtega. Katikati ya kundi nilimuuliza bei ya betri za redio. Akanitajia bei, na punje zikaendelea kutembea.

Mimi ni wa kanisa la ngoma na makofi. Nikamuuliza kama Bikira Maria anajua mambo ya shakevale.

"Kaka Songolo," akasema, "anajua mambo ya kungoja."

Mchana Daktari akaja, akapiga picha ule mkono na ile rozari. Picha tatu. Kamashini kangu hakajapigwa picha hata siku moja.

Nina wivu. Nimeandika. Hakuna anayesoma humu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nestori yuko misa. Mlima wote wangu. Raha. Sitini na wanane.

Nimerudi nyumbani, sombe, majani yetu ya muhogo, iko chini kabisa ya sufuria. Mapendo, mke wangu, amempelekea Nestori bakuli.

"Ju ya nini?"

"Baba Furaha, ule muntu anakula bugali na chumvi. Na ukimupa kitu anasema asante."

Mimi pia huwa nasema asante. Siku za sikukuu.

Jumanne, 14 Oktoba

Habari kubwa. Kuanzia kesho Nestori anahamia mlima wa pili, upande wa kusini. Ndege akipita kwangu, baada ya dakika chache anapita kwake. Daktari anataka kulinganisha. Kila jioni tutamtumia hesabu, naye atatutumia zote mbili, kila mtu aone za mwenzake.

Na mwezi ujao mmoja wetu ataitwa Mbarara, chuoni, aeleze kazi mbele ya wakubwa. Huyo ndiye atakuwa shefu wa kuhesabu mwaka kesho, na darubini ya miguu mitatu italala kwake.

Nikauliza nani.

"Ile mwenye karatasi yake iko nzuri," Daktari akasema.

Karatasi nzuri. Nani atanifundisha mimi karatasi nzuri? Tulipofika Kabazana, pale wakimbizi wanapopokelewa, niliandikisha watu saba. Tulikuwa sita. Wa saba ni mama mkwe, aliyekataa kuvuka, akabaki Uvira na mbuzi zake. Sikuona kama nadanganya. Nilimwekea fasi, siku atakayochoka na mbuzi. Mtu asiye kwenye fishi, ile karatasi ya kuandikishwa, hayuko duniani. Hilo kila mtu wa hapa analijua hata amelala.

Sasa wakubwa wakiona ndege wachache watasema mlima hauna kitu, funga. Kwa hiyo mwenye wengi ndiye anayewalinda. Ndivyo nilivyoshuka nikiwaza, na mguu ulikuwa mwepesi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niliowaona: mia moja na kumi na wawili. Nilioandika: mia moja na hamsini. Hao wengine walipita nilipokwenda kukojoa. Nilikwenda kukojoa kweli.

Nestori: mia moja na tisa.

Jumanne, 21 Oktoba

Rwekubo walichinja ng'ombe wengi leo. Mwewe wetu wenyeji walijaa hewani kama moshi, wanavuka mstari, wanarudi, wanavuka tena. Wote midomo njano. Nikabonyeza. Ukiwa mbali mdomo hauna rangi, nikajiambia. Na jumeli yangu si imepasuka?

Jioni simu ikalia. Songolo mia mbili sitini na wanne. Nestori mia moja thelathini na mmoja. Nikashuka nikiimba. Mapendo akauliza kama nimeokoka upya.

Alhamisi, 23 Oktoba

Songolo mia tatu na watano. Nestori mia moja na arobaini.

Kila jioni Nestori hujibu ujumbe wa Daktari: Mungu asifiwe. Leo hakujibu.

Nimefurahi. Naandika ukweli wangu hapa. Nimefurahi mpaka nikala sahani ya pili.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilinyesha jana kutwa. Leo mbingu imeoshwa. Saa nne hakuna kitu. Saa tano vumbi dogo juu ya ziwa. Nikafuta kioo. Halikuwa vumbi. Walikuwa wanazunguka, ghorofa juu ya ghorofa, na juu kabisa walikuwa wanatoka, mmojammoja, wamenyoosha mabawa, mstari mmoja usiokatika. Ukifika kichwani mwangu bado mkia wake uko ziwani. Hawapigi kelele. Ndicho kilichoniweza, hawapigi kelele hata kidogo.

Dole gumba limevimba. Sikula. Sikukojoa. Elfu moja mia tatu kumi na sita. Sikuongeza hata mmoja, haikuhitajika. Nililia kidogo. Nimeona miji na bahari na mabwana wakubwa wakishuka kwenye magari, sijaona kitu kama hiki.

Nilitaka mtu wa kumwambia: unaona? Nestori alikuwa misa, mlima wake mtupu. Kwa mara ya kwanza ningependa awepo.

Jumatano, 29 Oktoba

Ni mimi. Daktari amepiga simu mwenyewe. Ijumaa ya tarehe saba, Mbarara, chuoni. Mchungaji ameniazima koti. Nimelivaa kwenda kuteka maji.

Saa kumi na moja Nestori akaja nyumbani. Nikajua amekuja kunipongeza kwa meno. Akanipongeza kwa moyo, mikono miwili. Akakaa. Mapendo akamwekea chakula, hakugusa.

Akasema ndege wanapita kwangu mia tatu, kwake wanafika mia na kitu, na njia ni moja. Kwa hiyo anaowakosa ni macho yake. Baba yake alipofuka alipokaribia miaka hamsini, ilianza hivyohivyo, kuku wa mbali kwanza. Nestori ndiye aliyekuwa akimshika fimbo na kumwongoza, miaka kumi. Yeye sasa ana arobaini na nane. Fundi wa saa bila macho ni nini? Amekwisha kumwambia Daktari ataacha kazi ya mlima. Jumatano ijayo anakwenda hospitali ya macho Mbarara.

"Kaka Songolo, unisindikize. Kama wakiniambia vibaya, sitaki kurudi peke yangu."

Mapendo alilia. Mimi nilitoka nje kuangalia kuku. Kuku walikuwa salama. Nikaendelea kuwaangalia.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Nimepita Rwekubo. Meza ya Nestori imefungwa. Bisibisi zake ndogo, zile za saa, amempa fundi wa jirani. Amempa kabisa, hakumwazima.

Sabini na saba leo. Nimeandika sabini na saba. Daktari akauliza mbona ndege wamepungua ghafula. Nikasema upepo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimetayarisha namna tatu za kumwambia. Ya kwanza inachekesha. Ya pili inachekesha zaidi. Ya tatu siwezi kuifikisha mwisho.

Naogopa kupoteza mlima. Naogopa lile koti kurudi kwa mchungaji kabla halijafika Mbarara. Naogopa Mapendo atakavyoniangalia. Na bado, Mungu anisamehe, kuna sauti ndogo inayosema: ngoja Ijumaa ipite, umwambie Jumamosi.

Jumatano, 5 Novemba

Mbarara. Nimechoka lakini lazima niandike.

Njia nzima Nestori alikuwa anatazama nje kama mtu anayeaga. Mabango ya dukani aliyasoma moja moja chini kwa chini. Nilisema mizaha mpaka Isingiro, halafu ikaniishia.

Hospitali, benchi, foleni, benchi. Nikaingia naye. Wakamweka mbele ya kibao cha herufi. Alisoma mstari wa kwanza. Wa pili. Akasoma mpaka ule wa mwisho ambao mimi, Songolo, niliuona kama sisimizi. Halafu akasoma na jina la kiwanda kilichochapa kibao, kule chini pembeni. Yule muganga wa macho akacheka, akasema macho hayo hata dereva wa ndege hana. Hakuna ugonjwa. Nenda nyumbani.

Nikadhani ataruka. Alitoka akakaa kwenye benchi, akafunga macho yake mazuri.

"Basi si macho," akasema. "Ni mimi. Nimekuwa mtu asiyeangalia. Daktari ananiamini, nakaa pale mlimani, siangalii."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia. Nilianzia mbali, kwa mama mkwe na mbuzi, kwa sababu ndiko nilikoanzia kweli. Nikamwambia kukojoa. Nikamwambia Rwekubo na midomo ya njano. Nikamwambia darubini, picha tatu, bakuli la sombe. Mama mmoja mwenye bandeji jichoni alikuwa anasikiliza yote, sikumjali.

Nestori akafumbua macho. Akainuka, akatembea. Nikamfuata hatua kumi nyuma, barabara kubwa yote, mpaka mlango wa ofisi ya Daktari chuoni. Akasimama pembeni ya mlango, akaniachia fasi ya kuingia.

Nikaingia. Nikasema mwenyewe.

Daktari alifungua kabati. Akatoa fishi zangu za Oktoba, akazipanga mezani.

"Na hii ya elfu moja?"

"Hiyo ni ya kweli. Naapa."

"Mimi nitajua aje, mzee?"

Nilitafuta, mimi ambaye nina jibu la kila kitu. Akachukua biki nyekundu akapiga mstari kwenye fishi moja baada ya nyingine. Ilipofika ya Jumapili mkono wake ulisimama kidogo. Halafu akapiga. Mstari wangu wote wa ziwani, wale walionyamaza kimya juu ya kichwa changu. Hawakupita. Kwenye karatasi hawakupita.

Hakunifukuza. Ingekuwa rahisi zaidi. Alisema mwaka huu sitashika tena fishi. Nitakaa na Nestori mlima mmoja, mimi nionyeshe, yeye aandike. Na Ijumaa atasema Nestori.

Kurudi tulikaa kiti kimoja. Tulipofika Rwekubo ndipo alipofungua kinywa.

"Ulinipa upofu wa wiki mbili, kaka."

"Ndiyo."

"Nilianza kujifunza kutembea nyumbani macho yamefungwa. Kutoka mlango mpaka kwa maji. Hatua tisa."

Akashuka akaenda kumwomba fundi bisibisi zake.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwambia Mapendo. Hakupiga kelele. Alichukua sombe yote, akaitia kwenye bakuli kubwa, akaniwekea mikononi. "Peleka wewe."

Nimepeleka. Na koti pia. Nestori hana koti, na mchungaji ameliazima kwa ajili ya Mbarara, hakusema kwa ajili ya nani. Mabega yanamzidi. Nimemkunjia mikono kwa sindano. Alisimama kimya kama anashonewa sanda. Lakini alisema asante.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekwenda. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Nestori anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Ukumbi mzima ulisogea mbele kumsikia. Mimi ningewachekesha dakika ya kwanza. Mimi ningewapa Lubumbashi, ningewapa Dubai. Yeye aliwaambia tu jinsi ya kungoja mpaka ndege atoke juu, na kwa nini usihesabu kabla. Maneno yangu yale. Neno kwa neno, nilivyomfundisha. Mtu akauliza amejifunza kwa nani.

"Kwa kaka yangu Songolo, yule kule nyuma."

Wakageuka wote. Afadhali angenitukana.

Wakampigia makofi mengi. Wivu uliniuma kama jino bovu, nisidanganye, haujapona. Nilipiga makofi mpaka jirani yangu akanitazama.

Jumatatu, 10 Novemba

Mlimani wawili. Mimi naona kwanza, bado mimi ndiye naona kwanza, hilo hata yeye anakubali. Nasema: pale, kushoto kwa mnara, wanne. Yeye anazungusha darubini, anangoja, punje zinatembea, anaandika. Mara mbili nilisema sita, akaandika watano. Mara zote mbili walikuwa watano.

Mchana alinisogezea darubini. Sikuomba. Niliona manyoya ya shingo ya tai wa nyika, moja moja, yakichezewa na upepo.

Hamsini na watatu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua toka asubuhi. Tumekaa chini ya turubai, mabega yamegusana. Ziwa halionekani. Mnara wa simu haukuonekana mpaka saa sita, halafu ukapotea tena.

Saa nane nikasema tushuke, nani atajua. Nestori akatazama saa yake. "Saa kumi bado, kaka."

Tukabaki. Alikuwa na mahindi ya kuchoma ya jana, magumu. Tukagawana. Nilimweleza habari za barabara ya Lubumbashi, lori lilivyozama kwenye tope siku nne na shehena ya samaki. Alicheka, mara moja, kwa pua.

Saa kumi akafungua fishi juu ya goti. Akaandika sifuri kila saa, saa zote nane, bila haraka. Chini kuna fasi ya shahidi. Akanipa biki.

Nikazisoma zote nane, nikatia sahihi.